Rama, ile kauli ya Jumapili naifuta

Marahaba baba. Mama yako kanambia tangu ile simu ya Jumapili umenuna, mimi nikituma meseji unajibu "sawa baba" basi, nikasema nirekodi sauti nikutumie, nikaona hapana, nitaanza kufoka tena, bora niandike tu. Leo gari ipo gereji na bosi kasafiri kwa hiyo muda ninao. Ukiona imekuwa ndefu soma kidogokidogo.

Ulinipigia kunambia goti halitaki tena mpira wa ushindani, na kwamba hapo Chumbageni wamekuomba uwashike wale watoto wa chini ya miaka 15, na mimi badala ya kukupa pole nikakwambia ukocha ni kazi ya waliochoka, kijana wa miaka 23 unakwenda kupuliza filimbi na kubeba koni. Nikakata simu kabisa. Ile kauli naifuta. Sio kwa sababu mama yako kanisema (kanisema kweli, na kaka zake kawapigia), ni kwa sababu usiku ule usingizi haukuja nikaanza kumkumbuka Hernán Crespo, yule straika wa zamani wa Argentina, nikajiona mjinga, maana huyo mtu nimemwona kwa macho yangu akiifanya hiyohiyo kazi ya koni hapahapa Al Ain, Emirates.

Najua wewe Crespo humjui vizuri, kizazi chenu ni Messi na Haaland. Lakini mlikutana. 25 Mei 2005, una miaka 3, nimekupakata kwenye bandaumiza pale nyuma ya soko, mama yako hakunisemesha wiki nzima. Fainali ya Ulaya, Milan na Liverpool, Istanbul. Maldini katia la kwanza dakika ya kwanza tu, kisha Crespo akatia la pili, halafu la tatu, na hilo la tatu Rama sijawahi kuliona tena: Kaká kaupenyeza mpira kutoka katikati ya uwanja umepita katikati ya mabeki kama kisu, Crespo hakuutuliza wala nini, kaubetua palepale kwa mguu wa kulia ukapita juu ya kipa Dudek. 3-0 mapumziko. Watu wakaanza kuondoka kwenda kulala, mwenye banda akawa anagombana nao maana alitaka kuuza soda. Waliobaki tukaona mambo ya ajabu, Liverpool wakarudisha yote matatu ndani ya dakika 6. Crespo akatolewa dakika ya 85, kwa hiyo matuta aliyaangalia kutoka benchi, kafunga mabao mawili kwenye fainali na kikombe kimekwenda kwa wengine. Nilikubeba nyumbani umelala fofofo.

Ndo mpira wake ulivyokuwa huyo bwana, juu na chini. Alianzia River Plate, kwao Buenos Aires, na 1996 kwenye fainali ya Libertadores, yaani klabu bingwa ya Amerika Kusini, marudiano River walishinda 2-0 dhidi ya América de Cali, yote mawili kafunga yeye, ana miaka 20 hata 21 hajatimiza. Mwaka huohuo Olimpiki kule Atlanta kafunga mabao 6, lakini fainali wakakutana na Nigeria ya kina Kanu na Amokachi, Amunike akawamaliza mwishoni 3-2. Sisi huko nyumbani tulishangilia mpaka sauti zikakauka, sikujua kama nashangilia machozi ya mtu nitakayekuja kumpenda.

Parma ya Italia walipomchukua akakaa miezi sita hajafunga. Straika, miezi sita! Hapo kwetu angeshaitwa mzigo. Kocha wake alikuwa Ancelotti, akaendelea kumpanga tu, mpaka msimu unaisha jamaa ana mabao 12. Hilo naomba ulisome mara mbili maana ndo linakuhusu wewe sasa, sio goli la Istanbul. Baadaye Lazio wakamnunua 2000 kwa bei ambayo ilikuwa haijawahi kulipwa duniani, wiki chache tu Figo akaivunja rekodi, na msimu ule Crespo akawa mfungaji bora wa Italia kwa mabao 26. Kapita Inter, Chelsea, Milan, tena Chelsea, tena Inter, Genoa, akamalizia Parma. Timu ya taifa mabao 35 mechi 64, na miaka mingi alikuwa anasubiri nyuma ya Batistuta. Kombe la Dunia 1998 matuta na Uingereza, Seaman kaudaka wake (Argentina walipita hata hivyo). 2006 lile goli la Cambiasso la pasi nyingi ambalo mnaliangalia YouTube, kile kisigino cha mwisho ni chake Crespo, watu wanamsahau.

Sasa sikiliza. Mtu wa namna hiyo alipotundika daluga unadhani alianzia wapi ukocha? Timu ya vijana ya Parma, 2014. Watoto, Rama. Mtu aliyewahi kuwa ghali kuliko wote duniani anasimama pembeni anawapanga vijana ambao wengine walikuwa wananyonya wakati yeye anachukua kiatu cha ufungaji. Kisha Modena, daraja la pili, wakamtimua. Akarudi Argentina kuifundisha Banfield, miezi tisa hivi, wakamtimua tena. Mpaka hapo angekuwa mwanangu ningempigia simu ya Jumapili kama niliyokupigia wewe.

Halafu akaenda Defensa y Justicia, klabu ndogo tu, kabatini kwao hakuna kikombe kikubwa hata kimoja, na Januari 2021 wakaifunga Lanús 3-0 wakabeba Sudamericana, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Amerika Kusini, uwanjani hakuna hata shabiki kwa ajili ya korona. São Paulo wakamwita, miezi michache akawapa ubingwa wa jimbo ambao hawakuuona tangu 2005. Mwaka huohuo kabla haujaisha wakaachana. Akaja Qatar na Al-Duhail akachukua ligi, na Novemba 2023 ndo akaletwa hapa kuifundisha timu ya Al Ain.

Huku mimi ni dereva tu unajua, lakini mji huu ukiwa dereva habari zote zinapita kwenye gari lako. Mwanzoni watu walimlalamikia. Ikaja robo fainali ya klabu bingwa Asia na Al Nassr ya Ronaldo, marudiano Riyadh usiku wa kwanza wa Ramadhani, tumetoka tarawehe tukaenda kwa wale wazee wa Buraimi, hatua mbili tu upande wa Oman, Kiswahili chao cha Unguja cha zamani utacheka, wametandika mkeka wana tivii nje na mandazi. Kwa jumla 4-4, matuta, Al Ain 3-1. Mzee mmoja alirusha kofia yake ikaangukia kwenye sufuria ya chai.

Nusu fainali Al Hilal, wale walikuwa wameshinda mechi 34 mfululizo. Mechi ilikuwa Aprili 16, siku hiyo ikanyesha ile mvua niliyokutumia video, sehemu moja ya hapa Al Ain ilipita milimita 250 kwa siku moja, gari zinaelea, mimi mwenyewe nililala kwenye gari juu ya kilima. Mechi ikasogezwa kesho yake. Yule Mmorocco wa Al Ain, Rahimi, akawatia matatu, 4-2, mfululizo wa Hilal ukafia hapo. Marudiano Riyadh Al Ain wakafungwa 2-1 lakini wakapita.

Fainali na Yokohama, kule Japani wakafungwa 2-1. Marudiano tarehe ngapi? 25 Mei 2024. Nilipoiona kwenye tiketi ya bosi nikasema hii tarehe naijua, ikanichukua mpaka jioni kukumbuka bandaumiza. Miaka 19 kamili. Na kocha wa Yokohama ni nani, Harry Kewell! Yule alianza kwenye kikosi cha Liverpool usiku wa Istanbul akaumia akatoka mapema. Hapo nikamwomba bosi tiketi, miaka yote niliyokaa huku sijawahi kumwomba kitu, akanipa.

Rama, sitakuhadithia mechi yote, 5-1, Rahimi mawili, kipa wao kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na mwisho mwisho Laba wa Togo katokea benchi katia mawili. Mimi muda mwingi nilikuwa namwangalia Crespo. Kichwa kimeanza mvi, hatulii. Wana wawili mbele na Yokohama wapo pungufu bado anaruka na mikono, anamfokea beki asogee hatua moja, hatua moja tu! Nikajua huyu hajasahau 3-0 inavyoweza kuwa. Filimbi ya mwisho uwanja mzima zambarau, rangi ya Al Ain, watu wanalia, na mimi mtu wa Coastal Union nalia katikati yao sijui kwa ajili ya nini.

Na sitaki nikudanganye kwamba ikawa hadithi nzuri moja kwa moja. Novemba mwaka huohuo, hata miezi sita haijafika, Al Nassr waliwafunga 5-1 na Al Ain wakamtimua. Bingwa wa Asia. 2025 akarudi São Paulo, walewale walioachana naye. Kazi yenyewe ndo ilivyo, haina shukrani na kwa Chumbageni najua haina hata mshahara, kwa hiyo ile kozi ya umeme usiiache, hapo sijabadilisha mawazo na usinibishie.

Ila watoto wachukue. Yule uliyenambia anakosa magoli kila mechi na wenzake wanataka atolewe, yule mrefu, anaitwa nani vile? Kabla hujamweka benchi nipigie, nataka kujua anakosaje, anapaisha au anachelewa.

Jirani yangu anarudi Dar Ijumaa, nimempa mipira 6 na vile vizibao vya mazoezi rangi mbili, atakupakizia kwenye basi la Tanga, kavichukue stendi mwenyewe. Vizibao ni zambarau na njano, zambarau walikuwa wanapunguza bei. Mama yako akiuliza nimetumia shilingi ngapi, mwambie nimepewa.

Baba