Magari ya kulala yatengewe pa kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakazi wa Moshi Vijijini, Rombo, Hai, Siha na Longido tunaliona kila kiangazi, ila sijasikia likitajwa kwenye kikao chochote cha halmashauri. Ni wageni wanaosafiri na magari ya kulala, na mahali wanapolala.

Sisemei yale malori makubwa ya safari yanayobeba kundi zima la watalii pamoja na mpishi wao. Hayo yana kampuni na ratiba, na kambi zao zinajulikana. Nasemea familia iliyoingilia Namanga au Holili na gari lenye kitanda na jiko ndani, na hasa wale wanaokodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa pale Arusha mjini wakajiendesha wenyewe. Giza likianza kuwaingilia kwenye barabara ya Sanya Juu kwenda Kamwanga, na kilele cha Kibo kiko wazi hakina hata wingu, wanakata kona, wanafungua hema, wanateremsha ngazi, basi, wamefika. Siwalaumu. Tozo za hifadhini ni za dola, na gari la namba za kigeni hutozwa mara nyingi zaidi ya lenye namba za Tanzania. Atakayepiga hesabu atalala nje ya geti.

Shida ni kwamba mgeni anaamini amelala porini, na huku kwetu pori la namna anayoifikiria halipo. Lile bonde la nyasi analoliona tupu kule Longido huenda ni alalili, malisho yaliyofungwa makusudi ili ndama wapate cha kula kiangazi kikikaza. Mfugaji akikuta alama za matairi humo hafurahi, na ana haki. Ile nafasi iliyo wazi upande wa Kitendeni ni njia ya tembo wanaopita kati ya Kilimanjaro na Amboseli, na tembo akisikia harufu ya ndizi ndani ya gari haulizi ni la nani. Ukipanda juu migombani, hata kipande cha kugeuzia gari kina mwenyewe: ama ni kihamba cha mtu, yaani shamba la ukoo, ama ni ukingo wa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia.

Niseme zaidi kuhusu mfongo, maana wengi wanaopanga mambo ya utalii hukaa mjini na maji yao yanatoka bombani. Mifongo yetu huteka maji mtoni huko juu, ikayashusha kitongoji hadi kitongoji, na watu humwagilia kwa zamu. Kinachomwagwa juu asubuhi kinapita kwenye mboga za mtu wa chini mchana. Magari mengi ya kulala yana choo cha kisanduku kinachobeba lita kama 20, na humo huwekwa dawa ya buluu ya kuua harufu. Baadhi ya dawa hizo zina fomaldehaidi, ambayo huua hata vile vijidudu vinavyoozesha uchafu ndani ya karo. Kwa hiyo hata mama mwenye huruma anayemwambia mgeni "mwaga tu kwenye choo chetu" anajiharibia choo. Wenye hema la paani hawana choo kabisa. Wanachimba, au hawachimbi. Mwaka jana kitongoji kimoja jirani na kwetu kilikuta kisanduku kimemwagwa pembeni mwa mfongo, na aliyemwaga alikuwa ameshafika Karatu zamani. Sidhani alikusudia ubaya. Hakuna aliyemwonyesha pa kumwaga, kwa sababu hapapo.

Halafu kuna pesa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini anayepona kwa sasa ni kijana mwenye bodaboda anayewahi kugonga kioo saa moja usiku na kusema yeye ndiye kamati ya kijiji. Anachukua chake, harudi. Asubuhi anakuja mwingine, naye ni kamati. Mgeni akifika mbele anaandika kwenye programu kama iOverlander, ambako wasafiri huarifiana pa kulala, kwamba kijiji fulani ni cha wasumbufu. Au anaandika kwamba ni pazuri na hapana malipo, ambalo ni baya vilevile, kwa kuwa wote wanaomfuata watalenga palepale.

Wapo wanaotaka hawa wageni wapigwe marufuku kulala nje ya kambi zenye leseni. Nani atazunguka usiku kuanzia Rombo hadi Natron kulitekeleza hilo? Mgambo tulionao hawatoshi hata kwa mnada. New Zealand, iliyotunga sheria ya kambi huria, yaani ya kulala nje ya kambi rasmi, mwaka 2011 na kuikaza mwaka 2023, haikufukuza magari. Iliyabana kwenye choo. Anayetaka kulala kwenye ardhi ya halmashauri kwa kawaida lazima gari lake liwe na choo kilichofungwa humo ndani na cheti cha kuthibitisha. Kule Loch Lomond, Scotland, tangu mwaka 2017 kuna maeneo ambayo hulali kati ya Machi na Septemba bila kibali, na kibali kinakutajia mahali. Wenzetu wana fedha na askari wa hifadhi, najua, lakini kutaja mahali hakuhitaji fedha nyingi.

Ninachoomba ni kila kijiji chenye mandhari ya kuvutia magari haya kitenge sehemu moja. Iwe ardhi ngumu, mbali na mfongo na njia ya mifugo, yenye matundu mawili ya choo, bomba, na karo la pekee kwa ajili ya visanduku vile, linyonywe na gari la maji taka likijaa. Mgeni akae siku mbili, aondoke. Alipe kwa kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali, na kupewa risiti, na kiwango kiwe kimoja wilaya nzima, kibandikwe ubaoni. Kisha mtendaji wa kijiji, au kijana yeyote mwenye simu, aiingize sehemu hiyo kwenye programu zilezile wanazotumia wageni. Hilo moja litapunguza kazi kuliko mabango kumi.

Mamlaka yapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaiachia halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaruhusu kijiji kutunga sheria ndogo, ikapitia mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwanasheria ataniambia gari la usiku mmoja si la kudumu. Sawa, ila pakilaliwa kila wiki msimu mzima, nyasi hazijui tofauti.

Wenye kambi watalalamika kwamba vijiji vinawanyang'anya wateja. Hoja yao ina uzito sehemu kama Marangu na Usa River, na huko sioni haja ya kijiji kuanzisha chochote. Mgeni aelekezwe kwao. Nasemea kule ambako utaendesha saa nzima bila kukuta kambi. Na wanaokodisha magari Arusha wabebe sehemu yao: anayekabidhi funguo akabidhi pia karatasi yenye majina ya sehemu zilizotengwa, na koleo.

AFCON ya 2027 tumepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja. Mashabiki watakaotoka Nairobi kwa magari yao hawatapata vyumba wote. Halmashauri ya Moshi inaweza kuanza na Uru Mashariki, ambako wageni wa maporomoko ya Materuni wameshazoea kulipa kiingilio, na Rombo ikaanza na Ziwa Chala. Madiwani waliingize kwenye kikao cha robo ijayo.

Wako,
Mkazi wa Uru, Moshi Vijijini