Usitoe hela kabla hujalala chini ya hilo gari

Moshi, Jumatano usiku

Ndugu yangu Elibariki,

Habari za huko Njiro, Arusha? Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana na anauliza lini utafika. Naandika haraka kwa sababu Joshua kaniambia Jumamosi unakwenda kumtangulizia yule dalali hela ya Kobe, ile Volkswagen Beetle. Nakuomba sana, usitoe hata shilingi kabla hujalala chini ya hilo gari.

Picha nimeziona. Ile bluu inapendeza kweli, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, imekaa Tanga miaka yote hiyo kwenye chumvi ya bahari, halafu ipigwe rangi mwezi uliopita tu na sasa inauzwa? Nenda na sumaku ndogo. Ipitishe kwenye madigadi na chini ya milango. Isiponasa, hapo ni puti ya kuzibia tu, siyo bati.

Kisha inua kiti cha nyuma. Betri inakaa humo, na tindikali yake ndiyo inayotafuna sakafu. Usikubali kuchungulia pembeni: betri itolewe, ubonyeze bati kwa bisibisi. Halafu kuna yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango, yanayopeleka hewa ya moto mbele. Hayo ndiyo yanayoipa bodi nguvu. Fundi apige jeki upande mmoja, wewe fungua na ufunge mlango. Ukigoma, achana nalo, hata wakupunguzie bei.

Dalali atakuwashia injini usikie inavyonguruma. Isikilize, lakini isikuteke. Injini ya Beetle inashikwa na bolti nne tu, inashushwa na kutengenezwa. Sakafu na maboksi yakioza, hapo ndipo hela inapopotelea. Kwenye injini fanya hivi: ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini, uivute na kuisukuma. Mwisho wa mchezo unaokubalika, yaani inavyocheza mbele na nyuma, ni 0.15 mm, kwa hiyo ukiuona kwa macho na kusikia inagonga, jua injini inataka kufunguliwa yote. Fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne, hasa namba tatu, maana kwenye injini za zamani kama hiyo kipoza oili kinaizibia hewa ya kuipoza. Na mipira ya petroli, ikiwa imekauka na kupasuka, ibadilishwe siku hiyohiyo. Inapita juu ya injini yenye moto, na Beetle nyingi zimeungua kwa sababu hiyo tu.

Ukilijaribu, panda nalo mpaka Ngaramtoni. Wakati wa kushuka weka gia ya pili, achia pedeli ya mafuta. Gia ikiruka, giaboksi imechoka.

Nirudi kwenye kile kiti, maana kuna jambo lingine pale. Namba ya chesisi imegongwa chini yake, kwenye mgongo wa katikati. Isome mwenyewe, uilinganishe na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Joshua anasema mwenye gari alishafariki na anayeuza ni mtoto wake. Basi akuonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Bila hiyo, ndugu wengine wakija kudai, na huko TRA, mamlaka ya mapato, umiliki haujahamishwa, utamwambia nani? Najua ulivyolitamani gari la namna hii tangu tuko shule, ndiyo maana sitaki likutoe machozi.

Sasa nijibu: wanataka shilingi ngapi? Limelala muda gani bila kuwashwa? Unakwenda na fundi gani, yule wa Unga Limited au mwingine? Shemeji anajua? Na dalali hawezi kusubiri mpaka Jumapili mchana, nitoke ibadani nipande basi nije na jeki yangu?

Nifikishie shikamoo kwa mama wa huko.

Wako,
Wilson