Mpwa wangu, ilhamu naipata kitini

Mpwa wangu,

Hujambo? Wiki iliyopita uliniuliza, "Mjomba, ilhamu unaipata wapi?" Nikakujibu, "Kitini." Ukanyamaza, na ninavyokujua, ulidhani nakutania. Sikuwa na mzaha, ila jibu lilikuwa fupi mno kwa mtu aliyeniamini akanitumia mswada wake wa kwanza. Nalijibu upya, tena hadharani, maana hilo swali siulizwi na wewe tu.

Riwaya yangu ya pili ilianzia kwenye chumba cha kusubiria. Mzee mmoja alikuwa ameweka kofia yake juu ya kiti cha pembeni. Kila aliyetaka kukaa aliambiwa, "Kina mwenyewe." Watu walisimama, chumba kilijaa, yeye hakutetereka. Nilipoondoka adhuhuri mwenyewe alikuwa hajatokea, na kofia iko palepale. Nani aliyekuwa akisubiriwa? Sikumuuliza, na nashukuru sikumuuliza, maana angenijibu, na hadithi ingeishia pale pale.

Hiyo ndiyo ilhamu, basi. Ni swali linalokuganda. Lilichukua dakika moja kuingia na miaka minne kutoka. Na kichekesho ni kwamba yule mzee mwenyewe hayumo kitabuni. Nilimwondoa katika rasimu ya tatu kwa sababu hadithi ilishamzidi.

Miaka minne hiyo ya kukaa na kuandika ndiyo kiti ninachokisema. Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mfanyakazi wa posta, alikuwa mezani kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ya mfukoni mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Kisha anakwenda kazini. Aliacha riwaya 47. Mimi nikijaribu hivyo nitaugua, lakini napenda kwamba hakuona haya kulisimulia jambo hilo katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1883 baada ya kifo chake. Naye Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, alikuwa mhariri wa vitabu, akilea wana wawili peke yake, akiandika kabla hakujapambazuka. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, akiwa na miaka 39. Kwa hiyo ukiniambia kazi inakubana, nakuelewa. Ukiniambia umri umekwenda, na una miaka 24, hapo nacheka.

Kwangu mimi ni maneno 300, kwa mkono, kabla sijashika simu. Siku mbaya yanachukua saa tatu. Nikifika 300 huku najua mhusika atajibu nini, naacha hapo hapo, jibu likiwa bado mdomoni mwake. Ernest Hemingway, mwandishi mwingine wa Marekani, alikuwa na desturi hiyo ya kuacha akiwa anajua kinachofuata. Nimejaribu mbinu nyingi za wakubwa na hii ndiyo pekee iliyonikaa. Kesho yake sianzi na ukurasa mweupe, naanza na mtu aliyefungua kinywa.

Jioni nasoma kwa sauti. Usilidharau hili. Jicho hupita juu ya "akaamka, akanawa, akavaa, akatoka, akafunga mlango" bila kushtuka. Ulimi unachoka kwenye "ka" ya tatu. Nyumbani wameshazoea kunisikia nikigombana na watu wasiokuwepo.

Sasa kurasa zako 40. Nimezisoma mara mbili. Nimehesabu methali 19, na 6 kati ya hizo anazitamka mtoto wa miaka minane. Shuleni tulipewa alama kwa methali, ndiyo maana bado tunazimwaga kama chumvi. Mpe kila mhusika ulimi wake. Yule dereva wako anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari, dereva aliyekasirika hasemi "nimeghadhabishwa na kitendo hicho." Unamjua anasema nini. Liandike hilo.

Tena umeanza na jua kuchomoza. Wote tunaanza hapo. Mimi nilianza na mvua. Hadithi yako inaanza ukurasa wa 11, pale msichana anaposikia hatua za baba yake na kuisukuma barua chini ya godoro. Mwili ulinisisimka. Kurasa 10 za mwanzo uliziandika ili ufike pale, hazikupotea, lakini msomaji hana haja nazo. Usizifute. Ziweke kando, utachota humo baadaye.

Na nakala, tafadhali! Mwaka 1957 Chinua Achebe wa Nigeria alituma London mswada wa mkono wa riwaya yake, Things Fall Apart, ili upigwe chapa, na hakuwa na nakala nyingine. Miezi ikapita kimya, mpaka mwenzake wa kazini aliyekuwa huko akaenda kuufuatilia. Kitabu kikatoka mwaka 1958. Mimi sikuwa na bahati hiyo: kompyuta ilizima na sura tatu. Nikaziandika upya, na mpaka leo naamini zile za kwanza zilikuwa nzuri zaidi, jambo ambalo hakuna awezaye kulithibitisha.

Kuhusu wachapishaji, uliuliza mambo mengi. Tutazungumza ukimaliza. Mswada nusu hauna mchapishaji, na nusu yako hata si nusu.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Barua iliyo chini ya godoro imetoka kwa nani? Usinipigie simu kuniambia. Nangoja ukurasa wa 41.

Mjomba wako