Barua kwa mwanangu anayeenda Solwezi

Ombeni mwanangu,

Marahaba baba. Meseji ya mkataba wako wa kazi ya mgodini kule Zambia nimeisoma, nikampigia shangazi yako wa Nakonde, pale ng'ambo ya mpaka, tukapiga vigelegele kwenye simu kama wendawazimu. Sasa nimekaa nikuandikie vizuri, mana kwenye simu kila nikianza unanikata, mama najua, mama najua. Hujui. Zambia unayoijua wewe ni ya kuvuka pale mpakani kununua vitu na kurudi jioni, hiyo sio Zambia hiyo ni Tunduma iliyobadilisha hela. Mimi nimepeleka mchele wa Kyela mpaka Lusaka na Kitwe miaka yote ile uliyokua unasoma, kwa hiyo nisikilize.

Cha kwanza ile nchi haina bahari. Utasema hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua, haya, ila kulijua kwenye ramani na kuishi nalo ni mambo mawili tofauti. Wamezungukwa na nchi nane, sisi, Kongo, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Angola, na shaba yao yote lazima ipite kwenye uwanja wa mtu mwingine ndo ifike melini. Yale malori yanayopanga foleni hapa Tunduma hadi Mpemba mnayalalamikia mnashindwa hata kuvuka barabara, yale ndo uchumi wa Zambia umesimama hapo unasubiri muhuri. Karatasi ikikwama huku kwetu, kule kuna mtu hajalipwa. Mafuta nayo ni hivohivo, yanatoka Dar kwa bomba la TAZAMA mpaka Ndola, kilomita 1,710, tangu 1968.

Na sio kwamba walipenda kupitia kwetu. Zamani mizigo yao ilikua inashuka kusini, kwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alafu 1965 Ian Smith mkubwa wa kule akajitangazia uhuru wake wa wazungu, Kaunda rais wa Zambia akakataa kumtambua, ndo shida ikaanza. Mafuta yakawa yanabebwa na malori kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar, ikinyesha ni tope, madereva wengi walikufa kule. 1973 mpaka wa kusini ukafungwa kabisa. Ndo mana Nyerere na Kaunda waliing'ang'ania reli ya TAZARA mpaka Wachina wakakubali kuwakopesha bila riba wakati wazungu walishasema hailipi. Babu yako alikua kibarua kwenye kile kipande cha Mlimba hadi Makambako, kwenye mahandaki, alikua anasema mlima ulikua unakataa. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ikakabidhiwa 1976. Kwa hiyo mtu asikuangalie kule kama mgeni wa juzi, na wewe usijione kama umeenda kuwasaidia. Tumebebana.

Haya, shaba yenyewe. Wakati wanapata uhuru, tarehe 24 Oktoba 1964, walikua na hela kuliko sisi mbali sana. Kaunda akataifisha migodi kuanzia 1969, baadae ikawa shirika moja kubwa la serikali, ZCCM. Wazee wa Kitwe, mji wa migodi, ukiwagusa hapo hutaondoka, utaambiwa mgodi ulikua unawapa nyumba, hospitali, shule, klabu ya mpira, taa ikiungua nyumbani kwako unapiga simu mgodini anakuja fundi kukubadilishia. Wengine wanacheka wanaposimulia wengine macho yanalengwa. Mana bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini huku mafuta yamepanda, serikali ikadhani ni upepo utapita, ikakopa, upepo haukupita miaka na miaka. Mwishoni unga wa mahindi ukapandishwa bei watu wakaingia barabarani, 1986 na tena 1990, na 1991 Kaunda akashindwa uchaguzi na Chiluba akakubali akaondoka. Hilo mimi nawaheshimu nalo. 2011 wakatoa tena chama kwa kura, 2021 wakatoa tena akaingia Hichilema. Wanagombana sana kwenye kampeni, mapanga yanatembea wakati mwingine, lakini mwisho wa siku karatasi inaheshimiwa, hebu angalia majirani uniambie ni wangapi.

Chiluba ndo akauza migodi, vipande vipande, ikakamilika 2000. Watu wakapewa nafasi ya kununua zile nyumba za mgodi walizokua wanaishi, lakini kazi ikaondoka, sasa una nyumba huna mshahara. Nenda Luanshya, mji mwingine wa migodi, siku moja ukaone ninachosema. Alafu bei ikapanda tena kwa sababu ya China, serikali ikaona imepona ikakopa mabilioni ya dola, Novemba 2020 ikashindwa kulipa, nchi ya kwanza Afrika kushindwa kipindi cha korona. Unaona mchezo ulivyo? Bei ya kitu chako inapangwa London, njia ya kutokea ipo Dar, mitambo imetoka nje, na wewe mwenye ardhi unabaki unapiga hesabu ya kodi ambayo kampuni nayo ina wahasibu wazuri kukushinda. Sasa hivi wanasema wafike tani milioni tatu za shaba kwa mwaka ifikapo 2031, wakati hata milioni moja hawajafika, sijui, mimi muuza mchele.

Wewe unaenda Solwezi, kule kaskazini magharibi kwa Wakaonde. Kabla mgodi wa Kansanshi haujaanza tena kwa nguvu 2005 kilikua kimji tu cha kupita, leo ni jam, gesti, kodi ya chumba itakushtua. Mgodi wa wazi sio kama ule wa chini wa zamani, tingatinga moja linafanya kazi ya watu mia, kwa hiyo mlima wa hela unatoka na ajira inayobaki ni kidogo. Utawakuta vijana wa umri wako wamekaa nje ya geti kila asubuhi na vyeti. Wewe Mtanzania unaingia na kitambulisho shingoni. Ombeni, kile kitambulisho ukitoka kazini kivue weka mfukoni. Na sokoni usipange bei kama bosi, nunua mboga kwa kina mama walewale kila wiki wakuzoee, siku ukiumwa ndo watakaojua.

Na maji uwe makini. Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka kule Chambishi, asidi ikaingia mtoni mpaka mto Kafue, samaki wakafa, Kitwe wakafungiwa maji. Kabwe ndo usiseme, waliacha kuchimba madini ya risasi 1994 lakini sumu bado iko kwenye vumbi watoto wanalochezea. Mwenzio wa kazini akikwambia kisima fulani hakinyweki, usibishe na digrii yako.

Umeme nao. Sehemu kubwa unatokana na maji, mabwawa ya Kariba na Kafue, sasa ukame wa 2024 ulipowapiga kuna mitaa ilikua inapata masaa machache tu kwa siku, saluni zikafa, wauza samaki wakatupa mzigo. Mahindi nayo yakakauka, yetu yakavuka kwenda kuwaokoa. Nunua sola ndogo kabla ya godoro.

Watu sasa. Makabila yamezidi 70, Kibemba ndo kinatembea huko Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, Lusaka Kinyanja, wewe na Kinyamwanga chako utaelewana na watu mpaka Isoka, ukishapita Chinsali kwa kina Kaunda anza kujifunza. Salamu usizipite, piga goti kidogo kwa mkubwa, piga vikofi taratibu. Wana utani kama wetu, Mbemba na Mngoni wanatukanana hadi msibani na hakuna anayekasirika, usiingilie kwanza mpaka ujue wewe uko upande gani. Jumapili ni kanisa, Chiluba aliitangaza nchi kuwa ya Kikristo Desemba 1991 na wameliweka kwenye katiba, lakini Jumamosi yake shake-shake, pombe yao ya nafaka, inanywewa kama maji, jichunge. Nshima ni ugali, laini kidogo, mle pamoja kwa mkono. Mpika watakuuzia vinkubala, wadudu wale waliokaushwa, usikunje uso mbele ya watu, vikaangwe na nyanya ni vitamu kuliko dagaa na ndo nimeshasema.

Na hili la wasichana mama yako atalisema hata ukiziba masikio. Kwa Wakaonde na Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ana sauti kukushinda wewe baba. Ukimpenda mtu kule huendi mwenyewe kwao na maua, unatafuta shibukombe, mshenga, anapeleka kihela cha kwanza chini ya sahani, mambo yanaanza hapo. Ukiruka hatua faini yake utalipa mpaka mchele wangu uishe. Nipigie kwanza, shangazi yako atakutafutia shibukombe mwenye mdomo.

Saa zao ziko nyuma yetu lisaa limoja, na wakisema saa nane asubuhi, kwa kuhesabu kwetu ni saa mbili ya hukohuko kwao, usije ukachelewa siku ya kwanza ukasema hukuelewa. Kadi ya homa ya manjano iko kwenye kabati la sebule juu, nakala ya mkataba nimetoa tatu. Basi linaondoka Nakonde, usipande usiku, ile barabara ya Mpika mpaka Serenje malori yanaharibika katikati hayawekewi hata tawi. Laini ya simu shangazi ameshakununulia, na kwacha, hela yao, za kuanzia ninazo, njoo uzichukue Alhamisi kabla sijaenda gulio.

Mama yako