Gourde ya Haiti haikutoka kwenye kibuyu

Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua tangu likiuzwa shilingi kumi, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mengi nimeyameza. Hili la Haiti limenikwama kooni.

Katika ile habari ya polisi wetu waliopelekwa Port-au-Prince, mliandika kwamba pesa ya kule inaitwa gourde, neno ambalo kwa Kifaransa ni kibuyu, kwa sababu Henri Christophe, mtawala wa kaskazini ya Haiti ya zamani, alikusanya vibuyu akavigeuza hazina ya serikali. Hadithi tamu, na hata Haiti wapo wanaoisimulia. Lakini jina ni kuukuu kuliko utawala wa Christophe. Wahispania walikuwa na sarafu nene ya fedha, ya reale nane, peso gordo, yaani peso nene. Wafaransa wa Saint-Domingue, koloni lililokuja kuwa Haiti, wakaipokea kwa midomo yao: piastre gourde. Haiti ilipoanza kutoa gourde yake mwaka 1813, neno lilikuwa limeshazeeka sokoni. Isitoshe, kibuyu Mhaiti anakiita kalbas. Pesa anaiita goud. Mngemuuliza Mhaiti mmoja tu!

Mimi niliuliza, tena kwa gharama. Mwaka 2011, baada ya lile tetemeko, nilikuwa kule nikifunga mabomba ya maji. Siku moja Pétion-Ville nikamkuta mama na beseni la maembe. Fungu bei gani? Dola ishirini. Nikatoa noti ya Marekani ya dola ishirini. Akaitazama, akanitazama, akaikunja mara nne akaitia kifuani, kisha akanikabidhi maembe yote pamoja na beseni. Dereva wetu alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya barabara. Kumbe "dola" ya sokoni ni gourde tano tu! Kwa miongo mingi, hadi 1989, gourde tano zilikuwa sawa na dola moja ya Marekani. Kiwango kikafa, hesabu ikabaki midomoni. Mama alitaka gourde mia, ambazo siku zile hazikufika hata dola tatu. Watu wanauza na kununua kwa dola isiyo na noti wala sarafu: hiyo ndiyo ajabu ya kuandika! Au andikeni jinsi wanamaji wa Marekani walivyoingia benki ya taifa Desemba 1914 wakabeba dhahabu ya dola 500,000 kwenda New York. Vibuyu mmevipa aya nzima. Dhahabu haikupata hata neno.

Na mkiwa mnasahihisha, mwambieni yule bwana wa ukurasa wa lugha aache kutufundisha kwamba "pesa" ni "peso". Pesa ni paisa ya Wahindi, iliyozunguka pwani hii pamoja na rupia. Na hela ni heller ya Wajerumani wa Tanganyika. Bibi yangu alilijua hilo na hakusoma hata darasa moja.

Nawashauri mtundike kibuyu mlangoni mwa chumba cha habari, kile cha kutilia maziwa, chenye mdomo mwembamba. Kila mwandishi atakayeandika "inasemekana" atumbukize shilingi hamsini. Krismasi mkivunje, mnunue kamusi. Zikibaki, nirudishieni zangu za maembe.

Fundi bomba mstaafu,
Likoni, Mombasa