Kabla hujamwaga dawa bwawani, jua mdudu yuko wapi

Ujumbe unaotufikia sisi wauzaji wa dawa za samaki kuliko yote huwa mfupi: "Samaki wanajikuna, wana vidoa vyeupe, nipeni dawa." Jibu letu huwaudhi baadhi ya wateja, maana badala ya jina la dawa tunarudisha maswali. Maji yana joto gani? Vidoa vilianza lini? Umeingiza samaki wapya karibuni? Kando ya bwawa kuna konokono? Anayeona tunamzungusha tunamwelewa: samaki wanakufa, na yeye anaulizwa habari za konokono. Lakini dawa nyingi za vimelea vya samaki humkamata mdudu katika hatua moja tu ya maisha yake, na mara nyingi hatua hiyo si ile unayoiona kwa macho.

Tuanze na hivyo vidoa vyeupe, kwa kuwa ndivyo vinavyoua haraka na ndivyo vinavyowapotezea watu fedha nyingi kwenye dawa. Anayevileta ni kiumbe cha chembe moja kiitwacho kitaalamu Ichthyophthirius multifiliis. Hapa tutakiita iki kwa ufupi. Kidoa kimoja, ambacho huweza kufika ukubwa wa milimita 1, ni iki mmoja aliyenenepa. Hakai juu ya ngozi. Amejichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi, au katika matamvua, na humo anajizungusha akila seli za samaki. Ukimtoa na kumweka chini ya hadubini humkosi: duara linalobingirika polepole, vinyweleo vinavyopepea pembeni pote, na kiini kilichopinda mfano wa herufi C.

Kwa kuwa ngozi ya samaki mwenyewe ndiyo iliyomfunika, dawa uliyoimimina majini haimgusi. Akishiba anatoboa na kutoka, anashuka chini, ananata kwenye tope, jiwe, jani au uzi wa wavu, kisha anajitengenezea ganda laini. Ndani ya ganda hugawanyika: wawili, wanne, wanane, hadi mamia, na wakati mwingine zaidi ya 1,000. Watoto hao hutoka wakiogelea kumsaka samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili, wanakufa. Hapo ndipo dawa inapowakuta wakiwa hawana pa kujificha.

Sasa ndiyo maana tunauliza joto la maji. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi mzunguko wote huo huweza kukamilika kwa chini ya wiki moja. Katika maji ya nyuzi 10 huchukua wiki kadhaa. Mtu akitia dawa mara moja, amewaua wale waliokuwa wakiogelea siku hiyo tu; walio chini ya ngozi na walio ndani ya maganda wanasubiri zamu yao. Siku tatu baadaye tunaambiwa ugonjwa umerudi. Haukurudi, ulikuwapo muda wote. Kwenye maji ya joto dawa hurudiwa kila siku au kila baada ya siku moja, kwa kufuata maelekezo ya dawa yenyewe, na huendelezwa kwa siku kadhaa baada ya kidoa cha mwisho kutoweka.

Na vidoa vikitoweka vyote kwa usiku mmoja, usishangilie bado. Huenda wameshuka chini kuzaana. Samaki waliovumilia shambulio la kwanza hujenga kinga, kwa hiyo wimbi la pili huwaangukia zaidi vifaranga na wageni.

Kuhusu chumvi, ambayo kila mtu huisifu: inasaidia kweli, hasa kwenye matangi, kwa kiwango cha gramu 2 hadi 3 kwa lita kwa samaki wa maji yasiyo ya chumvi wanaoivumilia. Lakini piga hesabu kabla ya kwenda nayo bwawani. Bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita 1 lina lita 200,000. Kwa gramu 3 kwa lita utahitaji kilo 600 za chumvi, na ukishazimwaga, udongo wa bwawa na mfereji unaotoa maji vitakuwa na neno.

Formalini, dawa ya kimiminika ya kuua vimelea vya nje, nayo ina deni lake. Kila miligramu 5 kwa lita huondoa takriban miligramu 1 ya oksijeni kwa kila lita ya maji, si papo hapo bali kadiri saa zinavyopita. Ukitia miligramu 25 jioni, bwawa litaishia kupungukiwa takriban miligramu 5, sehemu yake kabla ya alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ambayo bwawa lenye mwani mwingi huwa na hewa kidogo kuliko saa zote. Tumeona mabwawa ambayo samaki walikufa kwa kukosa pumzi, na lawama zikaangushiwa ugonjwa. Kama huna pampu ya hewa, sisi hatukuuzii formalini, hata ukikasirika. Na rangi ya kijani iitwayo malakaiti, ambayo bado hupendekezwa huku na kule, hatuigusi kabisa kwa samaki wa kuliwa: mabaki yake hudumu ndani ya nyama, na Ulaya na Marekani zimeikataza kwa sababu hiyo.

Tunachotazama chini ya hadubini

Kipimo chenyewe ni rahisi na samaki hafi. Tunamshika kwa mikono iliyolowa, tunapitisha ukingo wa kioo chembamba kuanzia nyuma ya pezi la kifuani kuelekea mkiani, tunakusanya ute kidogo, tunaongeza tone la maji ya bwawa lake na kutazama hapo hapo. Tone liwe la maji ya bwawa, si ya bomba, kwa sababu klorini huua tunavyovitafuta kabla hatujaviona.

Mara nyingi wa kwanza kujitokeza ni trikodina, kisahani kinachoteleza huku kikizunguka, chenye duara la meno katikati. Mteja akimwona kwa mara ya kwanza huruka kiti. Lakini trikodina hula zaidi bakteria walioko majini, na samaki kwake ni mahali pa kukaa. Wawili watatu kwenye ute si ugonjwa. Wakijaa kioo kizima, hapo wanakwaruza ngozi na matamvua, na wingi wao unaeleza habari za maji kuliko za samaki: chakula kinachobaki na kuoza, kinyesi kilichorundikana, samaki waliobanana. Dawa itawapunguza. Ukiendelea kulisha kupita kiasi, watarudi, na utatuambia dawa yetu ni feki. Kwa mteja wa namna hii ushauri wetu huwa ni kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji, jambo ambalo halituingizii chochote.

Kisha wako minyoo bapa wa nje, na hapa jina la jamaa lina maana. Daktilogairo hukaa kwenye matamvua na hutaga mayai. Dawa kama prazikwanteli huua mnyoo mkubwa lakini yai huachwa salama, kwa hiyo dozi ya pili lazima ipangwe baada ya mayai kuanguliwa na kabla hao wapya hawajaanza kutaga. Jairodaktilo hukaa zaidi kwenye ngozi na mapezi, na hatagi: anazaa. Ukimtazama vizuri utamwona mtoto ndani yake, na ndani ya mtoto huyo mjukuu ameshaanza kuumbika. Mnyoo mmoja anatosha kuanzisha ukoo bila kumtafuta mwenzake.

Anayedhani tunakuza mambo aangalie Norway. Katikati ya miaka ya 1970 aina moja ya jairodaktilo, Gyrodactylus salaris, iliingia huko pamoja na samaki waliosafirishwa. Baadhi ya samoni wa upande wa Bahari ya Baltiki walikuwa wamezoeana nayo tangu zamani na hawakudhurika sana. Samoni wa mito ya Norway hawakuwa wamewahi kukutana nayo, na wachanga wao walikufa kwa wingi mto baada ya mto. Ili kuiondoa, ilibidi mito mizima itiwe sumu ya rotenoni iue samaki wote waliomo, kisha mto upandwe upya. Kwa hiyo tunapokusihi uwatenge samaki wapya kwa wiki tatu au nne hata kama wanaonekana wazima, hatumshuku aliyekuuzia. Kimelea ambacho kwake kimezoeleka, kwako kinaweza kuwa kigeni.

Wale unaoweza kuwaona bila hadubini tutawapitia haraka. Chawa wa samaki ni bapa, mwenye vidude viwili vya kufyonzea vinavyofanana na macho, na huweza kuhama kutoka samaki mmoja hadi mwingine kwa kuogelea. Jike huenda kutaga kwenye kitu kigumu, kwa hiyo mbao zikitumbukizwa majini, zikatolewa na kukaushwa kila baada ya siku chache, mayai mengi huondoka nazo. Mnyoo nanga, ule uzi unaoning'inia ubavuni, si mnyoo hata kidogo. Ni ndugu wa kamba na kaa. Unaloliona ni jike na mifuko yake miwili ya mayai, kichwa kimejikita ndani ya nyama. Usimvute kwa nguvu. Kichwa kitabaki, na kidonda kitaoza.

Funza wa manjano, na swali la konokono

Huyu ndiye anayetuletea ugomvi. Mteja anafungua kifuniko cha matamvua, anakuta vivimbe vya manjano vya milimita chache, anakipasua kimoja na funza anatoka akijinyonganyonga. Anataka dawa leo. Kwa bwawa zima, dawa ya maana hatuna, na anayekuambia anayo muulize inamfikiaje funza aliyefungwa ndani ya nyama.

Jina lake ni klinostomu, na samaki kwake ni kituo tu. Ukubwani huishi mdomoni na kooni mwa ndege wala samaki, kama korongo. Ndege anapotumbukiza mdomo majini, mayai hushuka. Viluwiluwi wanaoanguliwa huingia kwa konokono na kuongezeka humo kwa wingi, kisha hutoka, humtoboa samaki na kujifungia wakisubiri samaki huyo aliwe na ndege. Samaki hamwambukizi samaki mwenzake. Unaweza kuwatupa wote wenye vivimbe na tatizo libaki palepale, kwa kuwa liko kwenye konokono wa pembeni.

Kwa hiyo kazi ni ya jembe: kung'oa majani ya kando ambako konokono hujificha na kutaga, kukausha bwawa kabisa baada ya kuvuna hadi tope lipasuke, na kutia chokaa kabla ya kujaza tena. Wavu wa juu huzuia ndege, lakini usiwadhuru; aina nyingi zinalindwa na sheria. Nyama yenye funza hao ikipikwa ikaiva haina hatari. Mbichi ni habari nyingine, maana funza aliye hai anaweza kujishikiza kooni mwa mtu.

Ndugu yake mmoja, diplostomu, huenda kwenye jicho la samaki na kukaa ndani ya lenzi, mahali ambapo kinga ya mwili haifiki. Samaki anapata mtoto wa jicho, anapofuka, anaelea karibu na uso wa maji, ndege anamchukua bila kazi. Na si jicho pekee linaloweza kumsaliti samaki. Mwaka 1996 watafiti Kevin Lafferty na Kimo Morris walichapisha utafiti kuhusu samaki wadogo wa vinamasi vya chumvi vya California, ambao mnyoo wao hukaa juu ya ubongo. Wenye minyoo walikuwa wakigeuza ubavu na kujitingisha karibu na uso wa maji, na wale waliojaa minyoo waliliwa na ndege mara nyingi zaidi kuliko wazima. Tangu tuyafahamu haya, mteja akilalamika kwamba ndege siku hizi wanawaokota samaki wake kama punje, tunamwomba atazame macho yao kwanza.

Ukiamua kutuletea samaki, chagua wawili au watatu wenye dalili lakini wanaopumua, ndani ya maji yao wenyewe na mfuko wenye hewa ya kutosha, pamoja na chupa ya pili ya maji ya bwawa. Usitie dawa yoyote kabla, hata "kidogo tu ya kuanzia." Vimelea vingi vya nje humwacha samaki aliyekufa ndani ya saa chache. Aliyelala kwenye barafu tutampokea pia, ila tutaweza kukueleza yaliyo ndani ya nyama tu. Yaliyokuwa juu ya ngozi yatakuwa yamebaki bwawani.