Shangazi, mchawi hayumo

Shangazi yangu, shikamoo.

Juzi ulinipigia kutoka Muheza, tukaulizana hali, kisha ukanyamaza. Ukasema, "Nasikia unaandika mambo ya kichawi, na sasa umeyatia mpaka kwenye picha." Hukunikaripia. Ungenikaripia ningepata nafuu. Ulisema kwa upole tu kwamba mimi, kati ya watoto wote, ulidhani ndiye ningeyaacha mambo hayo yalale. Simu ikakatika. Nikapiga mara moja, haikupokelewa.

Ninakujibu hapa mbele za watu kwa sababu maneno yaliyokutoa Pangani yalisemwa mbele za watu. Yalisemwa bombani, yakasemwa kivukoni, yakasemwa hata kwenye foleni ya unga. Jibu lake sitalinong'ona.

Kwanza nikueleze ninachofanya, maana umekisikia kwa wengine. Mchana mimi ni fundi friji, unajua. Kibanda kiko Ngamiani, nafungua saa mbili, najaza gesi, nabadilisha kompresa, napanda kwenye kuta za watu kuosha viyoyozi. Usiku watoto wakilala naandika hadithi za kutisha kwenye simu, kuanzia saa nne hadi usingizi unizidi. Hadithi yangu ya kwanza ilitoka kwenye gazeti moja la wiki, nusu ukurasa. Nilinunua nakala tano. Moja ilikuwa yako, ila nilipofika stendi niwape watu wa basi la Muheza waje nayo, nikaogopa, nikarudi nayo nyumbani. Ningeileta siku ile, labda leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Baada ya hapo nikafungua kundi la WhatsApp. Kila jioni sehemu moja. Sehemu kumi za mwanzo bure, anayetaka kuendelea analipa elfu mbili kwa simu. Waliolipa walikuwa watu 43. Ni elfu themanini na sita, Shangazi, na ndiyo iliyonunua ule mtungi wa gesi uliouona jikoni kwetu Idi iliyopita ukauliza tumeupata wapi. Nikichelewa kutuma, wasomaji wanapiga kelele kwamba nimewaacha na arosto. Mmoja wao yuko Maskati, asili yake Pemba. Alinitumia ujumbe wa sauti kwamba aliisoma sehemu ya saba akiwa zamu ya usiku, peke yake, akashindwa kukaa, akabeba kiti chake akaenda kuketi na mlinzi wa getini mpaka alfajiri. Waliketi wakazungumza, na hawakuwa wamewahi kuzungumza kabla. Ujumbe ule ninao hadi leo, sijaufuta.

Filamu nayo ni ya dakika 11. Hamu ya kutengeneza picha ilinianza mwaka 2019, nilipovuka Unguja wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu, nikaketi Ngome Kongwe usiku, chini ya nyota, na mamia ya watu wakashusha pumzi kwa pamoja kama mtu mmoja. Nilirudi Tanga nikiwa na pumzi ile masikioni. Nilichukua miaka kupata wa kunisaidia: kijana anayepiga video za harusi, ana kamera na taa mbili. Tukapita kwa Afisa Utamaduni kwa ajili ya kibali, tukaigiza kwa usiku mbili kwenye mikoko huku huku Tanga. Pangani sikuthubutu.

Kisa chake ni kifupi. Mama yuko ukingoni, jua limezama, anamwita mwanawe. Mtoto anaitika. Ila sauti inatokea majini.

Chunusi, yule jini wa majini anayezamisha watu, haonekani hata mara moja. Kijana wa kamera alitaka tumwonyeshe, angalau mkono, angalau nywele, nikakataa. Anasikika tu. Na sauti yake niliipata kazini: kuna friji moja kuukuu la buchani, kompresa yake imechoka, ikizima haizimi kama nyingine. Inatikisika, inaguna, halafu inavuta pumzi ndefu kama mtu anayegeuka kitandani nyumba nzima ikiwa imelala. Mteja alishazoea, anasema ni uzee. Mimi nilirudi usiku nikaweka simu ndani yake, nikafunga mlango, nikarekodi. Tukaipunguza kasi. Mara ya kwanza kuisikia kwenye spika, mimi fundi ninayejua kila skrubu ya friji lile, nywele zilinisimama.

Tuliionyesha kwenye kibanda umiza cha rafiki yangu baada ya mechi. Walikuwepo watu kama sitini, wamemtukana refa dakika tisini, wamechoka, wengine wanataka kutoka. Mama alipoanza kuingia majini, kibanda kizima kilinyamaza hadi nikasikia feni. Halafu mzee mmoja wa nyuma, sijui jina lake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, rudi. Usiingie." Alikuwa anamsihi. Hakuna alichokipata mwandishi mwingine popote ambacho ningebadilishana na sentensi ile.

Sasa nije kwenye lile lenyewe.

Chunusi nilimpata kwako. Ulikuwa unachagua mchele barazani, kandili pembeni, sisi tumekuzunguka, na kila ukitoa chuya moja ulituongezea neno moja la hadithi. Ulisema chunusi anajua majina yetu wote, lakini ana upungufu mmoja: anaita mara moja tu. Mama anaita mara mbili. Kwa hiyo ukisikia jina lako karibu na mto, usiitike, ngoja la pili. Tuliogopa, tukangoja, na tumekuwa watu wazima. Nilipopata akili ndipo nikaelewa ulichokuwa unafanya. Mto ule karibu na mlango wa bahari, bamvua likiwa linatoka, unamvuta hata mvuvi aliyezaliwa ndani yake. Hapakuwa na ukuta wala mlinzi. Palikuwa na wewe na hadithi.

Ulikuwa mwaka 1995, nina miaka tisa. Popobawa, yule jini anayesemwa huvamia watu usiku, alikuwa ameanza Pemba, akahamia Unguja, na uvumi ukavuka hadi pwani yetu. Mwezi huo huo mto ukamchukua mtoto wa jirani. Watu walioisikia hadithi yako miaka yote, ambao watoto wao walikuwa hai kwa sababu ya hadithi hiyo, wakageuka. Wakasema aliyetangulia kulijua jambo ndiye aliyelituma. Wakasema huna mume, huna mtoto, na macho yako ni mekundu. Macho yako yalikuwa mekundu kwa moshi wa makumbi, Shangazi, nami nilikuwa nakupulizia moto huo. Uliondoka na jamvi na sufuria mbili. Nilikimbia nyuma ya gari hadi pumzi ikaniishia, na hakuna mtu mzima aliyenieleza kitu.

Kwa hiyo unaposema naandika mambo ya kichawi, nakuomba unisikilize hapa kuliko kwingine. Kwenye hadithi zangu zote hakuna mchawi bibi kizee. Hakuna hata mmoja. Hakuna mjane anayeishi peke yake akaonekana mwishoni kuwa ndiye. Hakuna mtu mwenye ualbino aliyefanywa kitu cha ajabu, hakuna mgonjwa wa akili aliyefanywa jini. Nimeandika majini, vibwengo, kisima kinachohesabu watu, nyumba isiyokubali mlango wake ufungwe. Jirani sijamwandika.

Si kwa sababu mimi ni mwoga wa kuandika. Mwaka ule wa Popobawa watu walilala nje, makundi makundi, wamewasha moto, familia zilizonuniana zikashirikiana mkeka, na sehemu hiyo naipenda na nimeiandika. Lakini mwaka huo huo Unguja kundi la watu lilimuua kijana aliyekuwa mgonjwa wa akili, aliyetoka bara kufuata matibabu, wakidhani ndiye. Na huko Usukumani vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa macho mekundu ya moshi wa jikoni? Hofu tuliyo nayo sisi haiishii kwenye kitabu. Msomaji wangu akizima simu anatoka nje, na nje kuna bibi wa mtu.

Mwaka jana mtu mmoja alinipa laki tatu nimwandikie mchezo. Alitaka ajuza, mvi, ungo, fisi, basi. Nikamwambia nitamletea cha kumtisha zaidi ya hicho. Akasema watu wanataka ajuza. Nilimrudishia hela, na ulikuwa mwezi wa ada za watoto. Mke wangu hakuniuliza kwa nini. Anaijua habari yako.

Kuna wanaoniambia hii si fasihi, niandike mambo ya maana. Mimi huwakumbusha kwamba aliyeshinda shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58 ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kwa kitabu chenye mzimu hadi kwenye jina lake. Watu wanauhofia mzimu, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake akiuliza maswali. Laiti Pangani mwaka ule angekuwepo mtu mmoja wa kuuliza maswali.

Lakini kosa ninalo. Yule mama kwenye filamu, anavyoita, anavyolivuta jina mwishoni kama anayevuta kamba ya ndoo, ni wewe. Nilimfundisha mwigizaji siku tatu hadi akaipata sauti yako. Sikukuomba ruhusa. Nilidhani ninakupa heshima, sikufikiria kwamba kuna mtu atakayekuja kukwambia "umetiwa kwenye picha" kabla mimi sijakwambia. Hapo una haki, na naomba unisamehe.

Nimeiweka filamu kwenye simu ya zamani, imejaa chaji, nitakuja nayo Ijumaa. Ukitaka tutaiangalia wote wawili barazani. Usipotaka nitakuchagulia mchele nirudi zangu.

Kesho baada ya Isha nitakupigia. Usipopokea, nitapiga mara ya pili, ujue ni mimi.

Mwanao